Mnaoanza Marx, msiishie kukariri hatua

Wadogo zangu mlioingia mwaka wa kwanza mkakutana na Karl Marx, yule mwanafalsafa wa Kijerumani, na mifumo ya uzalishaji mali (yaani namna jamii inavyozalisha na kugawana mali), naona wengi mnakimbilia kukariri ujima, utumwa, ukabaila (mwenye ardhi anamtoza mkulima anayeilima), ubepari, mnaona mmemaliza. Bado kabisa. Swali likija tu la kwa nini jamii ilitoka hapa ikaenda pale, hiyo orodha haikusaidii kitu.

Kilichonisaidia mimi ni kuuliza, kila jamii ninayoisoma, ardhi na zana ziko mikononi mwa nani, nani anafanya kazi, na ile ziada inayobaki watu wakishakula anaichukua nani. Kwenye ujima ardhi ni ya ukoo na ziada ni kidogo, hakuna wa kukaa tu akilishwa na jasho la wenzake. Ziada ikikua na kundi moja likaishika, matabaka hayo yameanza.

Kwenye ubepari sasa ndo mtulie. Biashara peke yake sio ubepari, Kilwa waliuza dhahabu karne nyingi nyuma na mabepari hawakuwa. Marx mwishoni mwa kitabu chake Das Kapital juzuu ya kwanza (1867) anaonyesha lazima kwanza mkulima anyang'anywe ardhi mpaka abaki hana cha kuuza ila nguvu zake. Someni habari ya Sutherland, Scotland: 1814 mpaka 1820 watu kama 15,000 walifukuzwa, vijiji vikachomwa, bibi mmoja aliyegoma kutoka akaungulia ndani ya kibanda chake, na kufikia 1825 pale pana kondoo 131,000. Inauma, na ndo maana nasema anzeni hapo kabla ya zile sura ngumu za mwanzo wa kitabu.

Alafu njoo Kenya. 1901 mkoloni kaleta kodi ya nyumba. Mtu ana shamba, ana mbuzi, njaa hana, ila rupia azitoe wapi? Anaenda kwa setla (mlowezi wa kizungu) kufanya kibarua, na baadae akavishwa na kipande, kile kitambulisho cha kazi, shingoni. Huyu katoka kwenye ardhi ya ukoo moja kwa moja mpaka kwenye mshahara, ukabaila hajaupitia. Na Marx mwenyewe 1881 alimwandikia Vera Zasulich, mwanamapinduzi wa Urusi, kwamba ile njia aliyoieleza ni ya Ulaya Magharibi, kwa hiyo mtu akikwambia kila jamii lazima ipite hatua zote, mpe hiyo barua.

Asaimenti ya kwanza chagua sehemu moja unayoijua vizuri, hata nyarubanja ya Buhaya (ule umiliki wa ardhi wa Wahaya, Kagera, ambao wakulima waliwalipa mabwana wa ardhi), uijibu kwa maswali yale yale.