Maswali ya Wasomaji: Nina miaka 31 na nina saratani ya titi, nishike la nani?

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mkazi wa Newala, nina miaka 31 na mtoto mmoja wa miaka minne. Mwezi wa tano nilichukuliwa kinyama cha kupimwa kwenye uvimbe wa titi la kushoto, na majibu yamerudi kuwa ni saratani. Nimepewa barua ya rufaa kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na daktari amesema huenda nikaanza na dripu kabla ya upasuaji. Mama anataka titi liondolewe lote mara moja ili jambo liishe. Mjomba, ambaye ndiye mwenye fedha za safari, anasema tungoje minada ya korosho, na wakati tunangoja nitumie miti shamba ya mzee mmoja anayemwamini. Mume wangu yuko kimya, ila najua anataka mtoto wa pili, nami pia namtaka. Nishike la nani?
Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa taarifa hiyo nzito. Kabla ya kuchagua kati ya mama, mjomba na mume, iko karatasi moja inayopaswa kusema kwanza, nayo ni ripoti ya kile kinyama. Usiondoke Newala na neno saratani peke yake. Omba nakala kamili, uangalie kama yameandikwa majibu ya ER, PR na HER2. Vipimo viwili vya kwanza huonyesha kama saratani yako inalishwa na homoni za kike. Cha tatu huonyesha kama chembe zake zina wingi wa protini fulani ambayo ina dawa yake mahususi. Kama havijafanyika, uliza kilipo kipande cha kinyama kilichohifadhiwa kwenye nta, na uombe kukichukua usafiri nacho, kwa kuwa huenda kikakuepusha kuchomwa sindano upya.

Majibu hayo, pamoja na ukubwa wa uvimbe na hali ya tezi za kwapani, ndiyo yanayoweza kumfanya daktari aanze na dripu, yaani dawa za saratani zinazopitishwa kwenye mshipa. Nimezisikia familia zikidhani kwamba upasuaji ukicheleweshwa hivyo mgonjwa amekatiwa tamaa. Sivyo. Dawa ikitangulia, uvimbe huweza kunywea, daktari akaona kwa macho yake kama dawa inafanya kazi, na wakati mwingine titi lililokuwa liondolewe lote likabaki.

Mama yako anaogopa kukuzika, na hofu hiyo naiheshimu. Hata hivyo, mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya tafiti mbili, moja ya Marekani na nyingine ya Milan nchini Italia, zilizowafuatilia wanawake kwa miaka 20, na zote zilionyesha kuwa walioondolewa uvimbe tu kisha wakapigwa mionzi waliishi sawa na walioondolewa titi zima. Sharti ni hiyo mionzi, ambayo hupigwa siku tano kwa wiki kwa wiki kadhaa, nawe utakuwa zaidi ya kilomita 500 kutoka nyumbani. Kwa hiyo jiulize pia utalala kwa nani Dar es Salaam na mtoto atabaki na nani. Ukiamua kuondoa titi lote hutakuwa umekosea, ila fahamu kwamba hata hapo mionzi inaweza kuhitajika.

Suala la mtoto ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu wengi hulitaja wakati dripu zimekwisha. Dawa hizo zinaweza kudhoofisha ovari au kuzifunga kabisa. Litamke kabla ya dripu ya kwanza, wala usione haya. Iko sindano ya goserelini, ya kila baada ya wiki nne, ambayo huanzwa kabla ya dawa ili kuzipumzisha ovari; kugandisha mayai pia kunawezekana, ingawa ni ghali na vituo vyake ni vichache. Kama saratani yako ni ya homoni, utapewa vidonge kama tamoksifeni kwa miaka 5 hadi 10, na ukiwa unavimeza hutakiwi kushika mimba. Utafiti uliotangazwa mwaka 2023 uliwahusisha wanawake zaidi ya 500 waliosimamisha vidonge kwa hadi miaka 2 ili wazae, baada ya kuvitumia kwa miezi 18 hadi 30, na katika takribani miaka 3 ya kufuatiliwa saratani haikuwarudia zaidi ya wenzao. Kwa sasa zuia mimba kwa kondomu au kitanzi cha shaba. Sindano na vipandikizi vya uzazi wa mpango viache, kwa kuwa vina homoni.

Huko kwetu neno la mjomba lina uzito, na sikushauri ulidharau. Lakini minada hufunguliwa Oktoba, na saratani za umri wako mara nyingi hukua haraka. Wiki mbili za kuelewa ugonjwa hazitakudhuru. Miezi minne ni mingi mno. Nilipokuwa muuguzi nilimpokea mwanamke wa rika lako, amejifunga kanga mbili kifuani, na chini yake majani yaliyopondwa yamegandamana na kidonda. Alisema uvimbe ulipoanza ulikuwa kama korosho moja. Alikuwa amengoja miezi minane. Mweleze mjomba hilo, kisha umwombe akusindikize mwenyewe, asikie kwa daktari. Miti shamba isimamishe, na kama umeshaitumia uitaje, kwa kuwa mingine huumiza ini, ambalo ndilo litakalozichakata dawa za dripu.

Kuhusu fedha, kabla ya safari nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali iliyokupa rufaa, uombe barua ya kueleza hali yako. Vilevile ukifika kwa daktari mtajie ndugu yeyote, wa kuumeni au kukeni, aliyewahi kuugua saratani ya titi au ya ovari.

Mumeo muulize moja kwa moja, usiku mtoto akishalala, kwa maana ukimya wake huenda ni woga. Ukishapata majibu ya ER, PR na HER2, niandikie tena, nikueleze hatua inayofuata.