Mtoto wa miaka 9 kuhamia München: anaanzia wapi?

Dada, umeuliza mwanao wa miaka 9 ataanzia darasa gani mkihamia München, Ujerumani. Hupangwa kwa umri, kwa hiyo la 3 au la 4. Asipojua Kijerumani anaweza kuwekwa Deutschklasse (darasa la wanaojifunza Kijerumani). Jiandikisheni makazi ndani ya wiki 2, kisha nendeni Grundschule (shule ya msingi) ya mtaa wenu. Shule ya serikali haina ada. Kadi ya kliniki msiisahau, maana sheria inadai dozi 2 za surua.

Kinachobana wageni ni darasa la 4. Mwezi Mei hutolewa cheti chenye wastani wa Kijerumani, hesabu na somo linalochanganya jamii na sayansi. Gymnasium (sekondari ya kuelekea chuo kikuu) wanataka wastani usiozidi 2.33, Realschule (sekondari ya ngazi ya kati) 2.66 (huko 1 ndiyo bora, 6 ndiyo mkia). Kijerumani kikiwa bado kichanga, wastani unaharibika hata kama hesabu anazimudu.

Akiangukia Mittelschule (sekondari inayoelekea zaidi kwenye ufundi na kazi), msikate tamaa, ila mfuatilieni aingie mkondo wa M unaofika darasa la 10. Kutoka hapo kuna Fachoberschule (sekondari ya juu yenye mwelekeo wa kazi), na akiendelea hadi la 13 anapata Abitur (cheti cha kuingilia chuo kikuu). Wengi hukwama hapa: bila lugha ya pili ya kigeni, cheti hicho hufungua baadhi tu ya kozi za chuo kikuu.