Barua kwa mwanangu: goti halikuwa na kosa

Mwanangu mpendwa,

Unauliza kama uache kazi ya ofisini ufundishe karate moja kwa moja, au uendelee na madarasa ya jioni kama sasa. Nitakujibu. Ila kwanza nikueleze ule mtihani wangu wa dani ya pili, yaani daraja la pili la mkanda mweusi, maana baba yako amewasimulia miaka yote kwamba nilifeli kwa sababu ya goti. Goti lilikuwa zima.

Nilikuwa nimejiandaa na Kanku Dai, kata (mfuatano uliopangwa) ya miondoko 65, nimeisugua mwaka mzima. Wenzangu wote walikuwa wanaume, na kila mmoja aliitishwa kata kubwa. Zamu yangu ilipofika mtahini akanitazama, akasema, "Heian Shodan." Ile ya mwanzo kabisa, miondoko 21, ninayoifundisha watoto wa mkanda mweupe! Masikio yaliniwaka moto.

Nikaifanya kwa hasira. Njia yake unaijua: unapanda katikati hatua tatu ukikinga juu, unageuka, unashuka na ngumi tatu, unamalizia kwa yale makingo manne ya viganja wazi, na unatakiwa urudi pale pale ulipoanzia. Wakati wa kupanda, hasira ilinirefusha hatua. Wakati wa kushuka pumzi imekata, hatua zikawa fupi. Nilipoinama kuaga, mstari nilioanzia ulikuwa nyuma yangu, mbali kabisa. Mtahini hakusema neno. Aliuonyesha kwa kidole, kisha akaandika.

Nyayo hazisemi uongo. Najua wewe na kaka yako mnaniigiza nikisema hivyo, na mniigize tu.

Hadi leo nabishana na yule bwana nikiwa napiga deki. Alikuwa na haki: mtu asiyeweza kurudi alikoanzia, dani ya pili ya nini? Lakini mbona wale wengine hakuwajaribu kwa kata hiyo? Labda aliona hasira yangu tangu mlangoni. Labda alinidharau tu, na miguu yangu ikampa sababu. Yote mawili yanaweza kuwa kweli, na hilo ndilo linaloniudhi.

Nilipokuja kuwa mtahini mimi, kila mtu alianza na Heian Shodan, mwanamume kwa mwanamke, mkanda wowote. Mabingwa wa mashindano walikuwa wakinuna! Nawe ulininunia siku tatu, unakumbuka? Uliishia kiganja kimoja nje ya mstari. Nilikupitisha, na bado sijui kama ilikuwa ualimu au umama.

Haya, swali lako. Funakoshi, mwasisi wa mtindo wetu wa karate, alikuwa mwalimu wa shule kule Okinawa. Mchana chaki, usiku mazoezi, miaka na miaka. Hapo ningesema: basi, baki na ofisi yako. Lakini huyo huyo alikwenda Tokyo mwaka 1922, amepita miaka 50, akabaki huko, akawa anafagia bweni la wanafunzi na kutunza bustani ili alipie chumba chake kidogo. Kwa hiyo mfano wangu unanigeuka mwenyewe. Mimi nilifundisha muda wote, nanyi mnajua ilivyokuwa: wanafunzi wakiondoka wakati wa likizo, na ada inaondoka nao. Mnakumbuka ule mwaka wa viatu. Sijuti. Wakati mwingine najuta kidogo, hasa ninapoamka na nyonga hizi.

Ninalo jibu, na linaniwasha ulimini. Silisemi, kwa sababu nikilisema utalifuata kwa kunipenda au utalikataa kwa ubishi, na vyote viwili umevirithi kwangu. Uliza mara ya pili ukiwa umeshalala juu yake usiku kadhaa, labda nitashindwa kujizuia.

Baba yako anakusalimu. Amesoma barua hii begani kwangu na bado anasema ni goti.

Mama yako