Mitaa 36 ya Hanoi: maswali yenu na majibu

Tangu mlipojua nimerudi kutoka Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, wengi mmeniuliza juu ya sehemu moja tu: mji mkongwe wa biashara, uitwao Mitaa 36, ulio kaskazini ya ziwa Hoàn Kiếm. Nami huko ndiko moyo wangu ulikobaki. Haya, tuanze.

*Dada, kwenye ramani naona kila mtaa unaanza na Hàng. Maana yake nini? (Msomaji, Morogoro)*

Hàng ni bidhaa, na neno linalofuata linakwambia bidhaa gani. Hàng Bạc fedha, Hàng Chiếu mikeka, Hàng Muối chumvi, Hàng Đường sukari. Hàng Buồm ni matanga, maana Mto Mwekundu uko pale nyuma na vyombo vilikuwa vikitia nanga karibu. Mwaka 1010 mfalme Lý Thái Tổ alihamishia makao yake hapa kutoka Hoa Lư, akauita mji Thăng Long, joka linalopaa. Jina la Hanoi lilikuja baadaye sana, 1831. Penye ikulu pana wanunuzi, basi mafundi wa vijijini nao wakaja. Walikuja kijiji kizima kwa pamoja, kila kijiji na ufundi wake, wakashika mtaa wao na kujenga đình, nyumba ya kumuenzi mwasisi wa kazi yao. Wafua fedha wa Hàng Bạc asili yao ni kijiji cha Châu Khê, na đình yao, Kim Ngân, iko namba 42 mpaka leo. Ingia. Nje pikipiki zinanguruma, ndani unasikia ufagio tu.

Hiyo 36 ni hesabu ya mazoea, mitaa yenyewe inapita sabini. Wala jina lisikudanganye: Hàng Buồm sasa wanauza peremende, biskuti na pombe, na Hàng Quạt, mtaa wa vipepeo vya mkono, umejaa madhabahu na vyombo vya ibada. Biashara imehama, jina limebaki.

*Mimi ni fundi bati, Kamukunji. Mafundi bado wapo kweli, au ni maduka ya watalii? (Msomaji, Nairobi)*

Ndugu yangu, swali lako nimelipenda kuliko yote. Nenda Hàng Thiếc, mtaa wa bati. Utausikia kabla hujauona. Fundi anakaa kwenye kigoda kifupi, nusu dukani nusu barabarani, bati limelala kwenye goti lake. Anapiga nyundo kidogo kidogo kwenye ukingo, anageuza, anapiga, anageuza, mpaka ukingo unajikunja wenyewe kama pindo la nguo. Wanatengeneza masanduku, ndoo, mabomba ya kutolea moshi, chochote mteja atakacho. Nilisimama pale nusu saa na hakuna aliyenisumbua ninunue. Wewe mwenyewe ungesimama siku nzima.

Lò Rèn ni mtaa wa wahunzi. Huko hali inasikitisha: wanaofua chuma motoni kwa mkono wamebaki wa kuhesabika, wengi wamehamia kazi ya kuchomelea. Ukimkuta mzee anayefua, nunua kisu. Nakuomba kwa dhati, usinunue sumaku ya friji uliyoipata uwanja wa ndege ukamwacha yeye.

Hàng Mã bado ina nguvu zake. Ni mtaa wa karatasi za kuchomea wahenga: fedha za karatasi, nguo za karatasi, hata pikipiki na simu za karatasi, ili marehemu asikose kitu aliko. Ukifika wakati wa sikukuu ya katikati ya vuli, tarehe 15 ya mwezi wa nane wa kalenda yao, mtaa wote unakuwa mwekundu kwa taa na huwezi kupita kwa watu.

Halafu kuna Lãn Ông, mtaa wa dawa za asili, uliopewa jina la tabibu mkubwa wa karne ya 18. Magunia yamefunguliwa midomo: mdalasini, mizizi mikavu, maganda ya machungwa yaliyokauka hadi yakawa meusi. Mama mmoja alivuta kidroo kwenye kabati lenye vidroo visivyohesabika, akachota kitu kwa vidole vitatu, akakiweka kwenye mizani bila hata kukiangalia. Vidole vilishajua.

*Mbona nyumba zao ni nyembamba namna ile? (Msomaji, Zanzibar)*

Kila mmoja alitaka uso wa duka barabarani, na nafasi ni ndogo. Wengi husimulia pia kwamba kodi ilitozwa kwa upana wa mbele. Kwa hiyo nyumba ina upana wa mita tatu hivi, lakini inarudi nyuma na nyuma, nyingine inapita mita 50. Mbele duka, kisha ua mdogo wa kuingiza mwanga na hewa, kisha vyumba, kisha ua mwingine, jikoni mwisho. Nenda Mã Mây namba 87. Ni nyumba ya mwishoni mwa karne ya 19, iliyokarabatiwa 1999 kwa ushirikiano na mji wa Toulouse, Ufaransa, na inapokea wageni kwa kiingilio kidogo. Mtu wa Mji Mkongwe kama wewe ukisimama kwenye ule ua wa kwanza, ukaangalia juu, utaelewa bila kuelezwa.

*Asalaam alaykum. Sisi Waislamu tutakula wapi, na kuswali je? (Msomaji, Mombasa)*

Waalaykum salaam. Msikiti upo, tena ndani ya mji mkongwe huo huo: Al-Noor, Hàng Lược namba 12, karibu na soko la Đồng Xuân. Waliujenga wafanyabiashara Waislamu kutoka Bara Hindi, ukakamilika 1890, na ndio msikiti pekee wa Hanoi. Kwa sisi wa pwani, ambao maduka ya Wahindi tumekua nayo, kuuona mnara ule mweupe katikati ya maduka ya Kivietnamu kunagusa moyo.

Kwenye chakula kuwa makini. Bún chả, chakula wanachojivunia sana, ni nguruwe wa kuchoma. Phở bò, supu ya tambi, ni ya nyama ya ng'ombe, lakini machinjo si ya halali. Jifunze maneno mawili: thịt lợn ni nyama ya nguruwe, chay ni chakula kisicho na nyama kabisa. Wabudha wengi hula chay tarehe mosi na 15 za mwezi mwandamo, kwa hiyo neno hilo kila mtu analielewa. Kuna samaki wa chả cá, wa manjano na majani ya shibiti, mtamu mno hata mtaa mmoja umepewa jina lake, ila uliza kwanza kama wanakaangia mafuta ya nguruwe.

*Nimeona video za pikipiki zao. Barabara inavukwaje? (Msomaji, Kampala)*

Polepole, kwa mwendo mmoja. Usikimbie, usisite, na usirudi nyuma hata kidogo. Wenye pikipiki wanakadiria utakapokuwa, wanakupitia pembeni. Magari na mabasi wasubiri wapite. Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku mitaa ya kuzunguka ziwa hufungwa kwa magari na pikipiki. Ukiwa na watoto, anzia siku hizo.

*Bei wanapunguza? Na pesa zao zina masifuri mengi, nisije nikaibiwa. (Mama wa watoto watatu, Dodoma)*

Mama yangu, dola moja ni zaidi ya dong 25,000, hivyo sifuri zitakuchosha kweli. Hatari kubwa ni rangi: noti ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu. Siku ya pili nilimpa mama muuza matunda noti ya 500,000 nikidhani ni ile ndogo. Alinishika kiganja, akairudisha, akanikunjia vidole juu yake, kisha akachukua mwenyewe noti sahihi kwenye pochi yangu. Toka hapo nilitenga noti hizo mifuko miwili.

Bei wanapunguza, hasa kwenye nguo na zawadi. Ila asubuhi heshimu mteja wa kwanza. Wanaita mở hàng, kufungua biashara, na wanaamini siku nzima itafuata mkono wako. Ukisumbua bei saa moja asubuhi kisha ukaondoka mikono mitupu, wengine huchoma kipande cha karatasi kufukuza nuksi uliyoacha. Wauzaji wetu wa sokoni nao hawapendi siku ianze hivyo, si ndiyo? Kama hununui, pita kwa tabasamu.

*Ni kweli korosho zetu zinafika huko? (Mkulima, Mtwara)*

Kweli. Vietnam hununua korosho ghafi nyingi sana kutoka Tanzania, inazibangua na kuziuza dunia nzima. Viwanda viko zaidi kusini mwa nchi, lakini Hanoi utazikuta madukani zimekaangwa kwa chumvi, na ngozi yake ya ndani haijatolewa. Nilizitafuna nikikuwaza wewe na shamba lako.

*Nina asubuhi moja tu kabla ya ndege. Nifanye nini? (Msomaji, Muscat)*

Amka saa kumi na moja na nusu. Anzia Ô Quan Chưởng, lango la mwisho lililobaki la mji wa zamani, la 1749. Pita chini yake uingie Hàng Chiếu, kisha Đồng Xuân, soko lililojengwa na Wafaransa 1889 na kuungua vibaya 1994. Wakati huo wachukuzi wanashusha mizigo na wanawake wanapanga mboga. Kunywa kahawa ya yai: kiini hupigwa na maziwa mazito ya kopo mpaka kiwe povu, ubunifu wa 1946 maziwa ya kawaida yalipoadimika. Ukibaki na saa moja, panda daraja la Long Biên, lililofunguliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kupigwa mabomu na Wamarekani wakati wa vita. Linaanzia pale pale kwenye kituo kidogo cha treni, na kutoka juu utaona mapaa yote ya mitaa uliyoipita.