Muulize Mwalimu wa Judo: Nikilaliwa Ubavuni Nitokeje?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 19, nacheza judo uzito wa chini ya kilo 57. Tukiwa tumesimama najiweza, hata wavulana nawaangusha. Tatizo langu ni chini. Mtu akishanilalia kifuani kwa ubavu na refa akasema "osaekomi", yaani hesabu ya kubanwa imeanza, ndiyo basi tena. Nasukuma mpaka mikono inakufa ganzi, sekunde 20 zinaisha. Naambiwa niongeze pushapu. Ni kweli nguvu ndiyo inayonipungukia?
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pushapu piga, hazina ubaya, ila hazitakutoa hapo. Mwenye kilo 70 akikulalia, ukimsukuma kwenda juu unabeba mzigo wote peke yako. Yeye kazi yake ni kulegeza mwili tu. Tena ukinyoosha mkono umemrahisishia: anaudaka, anapitisha mguu, juji-gatame hiyo hapo, yaani kabali ya kuvunja kiwiko.

Mimi ningependa kujua refa anaposema "osaekomi" wewe umelalaje. Nadhani chali, mabega yote mawili kwenye tatami, yaani mkeka wa judo. Ukiwa chali kiuno chako hakikusaidii kitu. Kwa hiyo kabla hajatulia, mgeukie ulale kwa ubavu. Kigasha kimoja kiwe kwenye nyonga yake, kingine chini ya koo lake, viwiko umevibana mbavuni. Usisukume. Viache vigasha visimame kama nguzo za kibanda, uzito wake uegemee mifupa yako badala ya misuli.

Halafu vuta visigino karibu na makalio, uinue kiuno kuelekea upande wake, si kuelekea dari. Ataona unataka kumpindua, atarudisha uzito. Hapo hapo shusha kiuno, lakini usikirudishe pale kilipotoka: kivute nyuma, mbali naye, kwa ile ebi, zoezi la kujisogeza kwa kiuno ukiwa chini, ambayo vijana mnaifanya kivivu wakati wa kupasha misuli huku mkipiga soga. Utapata upenyo wa upana wa kiganja. Penyeza goti. Ukishaunasa mguu wake katikati ya miguu yako miwili, refa anasema "toketa" na hesabu inakatika.

Mara nyingi upenyo wa kwanza hautoshi. Inua tena, vuta tena. Wengi hujaribu mara moja kwa nguvu zote, wakishindwa wanabaki wanatazama taa.

Darasani kwangu nawawekea kitambaa kilichokunjwa kati ya kiwiko na mbavu, mwenzao anawalalia, wanajinasua. Kikidondoka, wanaanza upya. Wiki ya kwanza vinadondoka kama maembe. Kiwiko kikiachana na mbavu, mkono wa adui unaingia kwapani, na akishafika kwapani kukutoa ni kazi kubwa.

Usisubiri pia. Kwa kanuni za tangu 2025, sekunde 5 chini yake anapata "yuko" (alama ndogo), 10 anapata "waza-ari" (alama kubwa zaidi), 20 anapata "ippon" (ushindi kamili). Pambana mapema, kabla kifua chake hakijakaa sawasawa juu ya chako.

Kesa-gatame, ile ya kukumbatiwa kichwa na mkono, ni habari nyingine. Pale pigania kiwiko cha mkono ulionaswa: jigeuze kumwelekea na ukivute mpaka kiguse tatami. Wala usione haya ukishindwa. Judo ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Tokyo 1964, Akio Kaminaga alibanwa kwa mtindo huo na Mholanzi Anton Geesink ndani ya Nippon Budokan, mbele ya Wajapani wenzake, na hakutoka.

Swali: Kocha, hujambo? Nilianza na judo, sasa nafanya jiu-jitsu ya Kibrazili. Nikibanwa ubavuni nageuka nilalie tumbo, kama nilivyozoea. Wenzangu wananicheka. Kwa nini?
*Msomaji, Nairobi*

Jibu: Sijambo, kaka. Wana haki ya kucheka. Kwenye judo ukilalia tumbo osaekomi inakatika, na mwenzako asipofanya la maana upesi refa anawasimamisha. Huko uliko hakuna wa kukusimamisha. Akikukalia mgongoni na kunasa miguu yake ndani ya mapaja yako kwa sekunde 3, anachukua pointi 4, halafu anatafuta shingo kwa raha zake. Zile pointi 3 za kuipita miguu yako huenda alishazipata, usimwongezee. Mgeukie yeye, goti ndani, uanze upya ukiwa na miguu mbele yake. Na kidevu kiwe chini muda wote, hata mazoezini.