Kabla hujafunga giaboksi ya ovadraivu kwenye gari la zamani lenye nguvu

Harufu ndiyo iliyonishtua kwanza. Nilikuwa I-45, natoka Houston kwenda Dallas, jua la Agosti limewaka, na Chevelle yangu ya 1971 ilikuwa na giaboksi mpya iliyotimiza wiki tatu. Nikakanyaga mafuta ili nilipite lori. Mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) ukapanda, gari likabaki palepale. Nikaegesha pembeni, nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili iliyotakiwa kuwa nyekundu ilikuwa nyeusi, inanuka kama maharage yaliyoungulia chunguni.

Ilikuwa 700R4, giaboksi ya otomatiki ya GM yenye gia nne. Gereji niliyoinunulia kwa njia ya posta iliandika kwenye karatasi kwamba inabeba nguvu farasi 600. Injini yangu, ya kabureta na ya inchi za ujazo 383, inatoa kama 420. Nilipowapigia simu waliniuliza swali moja tu: kebo inayotoka kwenye kabureta kwenda giaboksi ilirekebishwaje? Nikajibu kwamba niliifunga kama ilivyokuwa ile ya zamani. Dhamana ikaishia hapo. Nilikasirika sana siku ile, lakini swali lao lilikuwa la haki, na ndilo ninaloliandikia leo, maana naona vijana wengi wa kwetu walioko Marekani wameanza kununua magari haya na wanaingia shimo lilelile.

Kwanza, kwa nini ovadraivu, yaani gia ya juu inayoipunguzia injini mizunguko kwa mwendo uleule. Magari haya mengi yalitoka kiwandani na giaboksi za gia tatu, TH350 au TH400, ambazo gia ya mwisho ni moja kwa moja: injini ikizunguka mara moja, propela nayo mara moja. Langu lina difu ya 3.73 (propela inazunguka mara 3.73 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi) na tairi za kipenyo cha inchi 27. Kwa mwendo wa maili 70 kwa saa, yaani kama kilomita 112, injini ilikuwa inazunguka karibu mara 3,250 kwa dakika. Saa nne za hivyo unashuka garini masikio yanavuma, na mafuta yamekwisha. Weka gia ya nne ya 0.70 na mzunguko unashuka hadi kama 2,275. Gari linakuwa la kusafiria.

Sasa kuchagua. Watu wengi huanza na swali la nguvu farasi. Mimi nakushauri uanze na difu yako. Gia ya kwanza ya 700R4 ni 3.06, namba kubwa kuliko za giaboksi nyingine ninazozitaja hapa, kisha ya pili ni 1.63. Ukizidisha 3.06 kwa difu ya 3.73 unapata 11.4: gia ya kwanza inakwisha kabla hujavuka makutano, tairi zinasota bure, na ukibadilisha ukiwa 5,500 injini inaanguka hadi chini ya 3,000. Kwa injini yenye kamshafti ya mbio, hapo ni shimoni. Lakini chukua 700R4 hiyohiyo uifunge na difu ya 3.08. Unapata 9.4, ambayo ndiyo hesabu ya TH350 na 3.73, kisha barabara kuu unakwenda maili 70 injini ikiwa chini ya 1,900. Kama gari lako bado lina difu ya kiwandani, usiibadilishe kabla hujapiga hesabu hii.

Kwa mwenye 3.73 kama mimi, 200-4R, nayo giaboksi ya GM ya gia nne, ndiyo inayofaa zaidi. Gia ya kwanza 2.74, ya pili 1.57, ya nne 0.67. Urefu wake ni sawa na TH350 yenye mkia mfupi, kwa hiyo propela haikatwi. Unasogeza krosmemba (chuma kinachobeba giaboksi) nyuma tu, mahali pa TH400. Kichwa chake kina matundu ya bolti ya Chevrolet na ya Buick, Oldsmobile na Pontiac pia. Buick iliitumia kwenye Grand National yenye tabo. 700R4 ni ndefu kwa takriban inchi 3, propela lazima ifupishwe. Nilijua haya yote baada ya kununua.

Ukiwa na injini ya inchi za ujazo 454 au zaidi iliyoongezewa nguvu, usihangaike na hizo mbili. Nenda 4L80E, ambayo ni TH400 iliyoongezwa ovadraivu, ujiandae kununua kompyuta ya kuiendesha na pengine kugonga sakafu ya gari ili iingie. Kwa wa Ford, AOD, giaboksi yao ya ovadraivu ya miaka ya 1980, inafaa kwa injini ya kawaida, lakini gia ya nne inapitisha nguvu yote kwenye shafti nyembamba ya ndani. Hiyo shafti ibadilishwe kabla ya kitu kingine.

Turudi kwenye kebo. Nilimpelekea gari mzee mmoja mzaliwa wa Tanga aliyezeeka akifungua giaboksi hapa Texas. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia akiwa tayari ameinamia kabureta. "Mwanangu, hii kebo umeifunga wewe?" Nikakiri. Akafunga geji ya presha ubavuni mwa giaboksi, akawasha injini. Mshale ukasimama kwenye 60 na kitu. Akavuta throto (mlango wa hewa wa kabureta) hadi nusu, mshale ukatikisika kidogo tu. Kisha akaishika kebo yenyewe kwa vidole akaivuta hadi mwisho. Mshale ukaruka ukapita 150.

"Pampu nzima," akasema. "Umeinyima presha."

Kwenye TH350 kebo ile kazi yake ni kushusha gia ukikanyaga mafuta yote. Presha inaamuliwa na kifaa kingine kinachotumia vakyumu ya injini, yaani mvuto wa hewa wake. Ukikosea kebo, utakosa kushuka gia, basi. Kwenye 700R4 na 200-4R kebo inaitwa ya TV, inasukuma valvu ya throto, na hiyo ndiyo inayoiambia giaboksi injini inavuta kwa nguvu gani. Kebo ikilegea, giaboksi inadhani unatembea polepole. Presha inabaki chini, sahani za klachi zinabanwa kwa ulegevu, zinateleza, zinaungua. Safari moja inatosha.

Kabureta yangu ni Holley, na mkono wake hauna umbali wala pembe ya kuvuta kebo hiyo sawasawa. Kuna kipande cha chuma cha kurekebisha, bei yake ndogo kabisa ukilinganisha na giaboksi. Kisha unabonyeza kitufe cha kebo, unarudisha kitelezi nyuma, unaachia, unafungua throto hadi mwisho kwa mkono wako. Kinajipanga chenyewe. Baada ya hapo thibitisha kwa geji. Usiendeshe hata kwenda dukani kabla hujaona presha inapanda pamoja na throto.

Tulipofumua, nilisimama nikitazama. Klachi za gia ya tatu na nne, ambazo ndizo dhaifu za 700R4, zilikuwa zimebaki chuma kitupu. Karatasi ya msuguano inayobandikwa juu yake ilitoka mikononi kama masizi ya sufuria. Sahani za chuma zilikuwa na madoa ya bluu. Mzee alikataa seti ya klachi nyingi nyembamba niliyokuwa nimeisoma mtandaoni. Alisema chuma chembamba hakina pa kuweka joto, na nilikubaliana naye. Alipanga za unene wa kawaida, akapima mwanya kwa fila geji (vipande vyembamba vya kupimia nafasi), akaupata sehemu 35 za elfu moja ya inchi. Sanshelli (gamba la chuma linaloshika gia ya katikati) ya zamani aliitupa akaweka iliyokomazwa. Ile ya kiwandani hupasuka shingoni, na ikipasuka unapoteza gia ya pili, ya nne na rivasi kwa mpigo. Akaweka valvu kubwa ya kuongeza presha na sevo kubwa ya bendi, yaani pistoni inayoikaza. Klachi mpya alizilaza kwenye oili kwanza. Kila drumu aliijaribu kwa hewa ya kompresa kabla ya kufunga: ikisema "kop" nzito ni nzima, ikisema "fyuuu" sili imekatika, unarudi mwanzo.

Toki konvata, kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa njia ya oili, ndiyo mtego wa mwisho. Yangu ilianza kushika kwa 2,400, nami kwenye ovadraivu natembea kwa 2,275. Maana yake inateleza safari nzima na kuchemsha oili. Lazima iwe na loki, klachi ya ndani inayoizuia kuteleza, na loki iunganishwe waya vizuri. Unapoifunga, izungushe huku ukiisukuma mpaka uisikie ikidondoka ndani hatua kwa hatua. Ukishafunga bolti za kichwa, ibaki nafasi ya milimita 3 hadi 5 kati yake na sahani ya injini. Ukiikuta imebana, acha kukaza bolti, vinginevyo unavunja pampu siku ya kwanza.

Kipoza oili cha zamani (kula) nilitaka kukiosha. Mzee akakitupa, kwa sababu unga wa klachi zilizoungua hukaa kwenye vifereji vyake na hurudi kwenye giaboksi mpya. Niliweka kikubwa chenye feni, na geji ya joto kwenye dashibodi. Sasa Dallas naenda oili ikiwa nyuzi 80 hivi za Selsiasi, kiangazi.

Baada ya maili 500 za kwanza shusha sampu, bakuli la oili lililo chini ya giaboksi. Unga laini wa kijivu chini, unaofutika kwa kidole, ni klachi zinazozoeana. Ukikuta vipande vyeusi au chembe zinazong'aa, usiweke oili mpya ukaondoka. Rudi kwenye geji na kebo kwanza.