Ukitaka muswada ubadilike, anza na Kanuni za Bunge

Kila muswada mzito unapotua Dodoma, mimi hupokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa watu mbalimbali: "Kesho unajadiliwa bungeni, tufanyeje?" Jibu langu huwavunja moyo wengi. Muswada ukishafika kwenye mjadala wa ukumbi mzima, sehemu kubwa ya kazi imeshakwisha. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisaidia vikundi vya wananchi kuandaa maoni ya kupeleka kwenye kamati za Bunge, na inaniuma kuona hoja nzuri ikipotea kwa sababu tu imechelewa au imepita mlango usio wake.

Mlango wenyewe umeandikwa. Ibara ya 89 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalipa Bunge mamlaka ya kujiwekea Kanuni za Kudumu, na ndizo zinazoamua nani atasema, kwa muda gani, nani anaruhusiwa kugusa maneno ya muswada na kura itapigwaje. Zimeandikwa kwa Kiswahili. Zitafute, zisome, ila hakikisha unashika toleo linalotumika sasa, kwa maana namba za kanuni huhama toleo moja hadi jingine.

Njia ya kawaida iko hivi. Muswada huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, kisha husomwa bungeni mara ya kwanza, na hapo hakuna mjadala. Katibu husoma jina lake tu. Spika huupeleka kwenye kamati inayohusika, na kamati hukaribisha wadau. Hapa ndipo nguvu zako zote zinatakiwa ziwe. Kamati ina wabunge wachache, wamekaa meza moja na waziri, wataalamu wa wizara na waandishi wa sheria wa Serikali. Mtu anaweza kukuuliza swali na ukajibu. Ukumbini huna nafasi hiyo tena. Utakaa kwenye jukwaa la wageni, kimya.

Nenda na karatasi iliyotulia. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha kamati ambako kundi moja lilisoma kurasa nyingi za malalamiko ya kweli kabisa kuhusu hali za wakulima wao. Walipomaliza, mwenyekiti aliuliza kwa upole: "Mnataka ibara ipi ibadilike?" Kimya. Aliyefuata alikuwa mama mmoja kutoka ushirika mdogo, mwenye ukurasa mmoja tu wenye jedwali: ibara ya muswada, inavyosomeka, tunapendekeza isomekeje, kwa nini. Wajumbe walichukua kalamu, na mwanasheria wa wizara akaanza kubishana naye kuhusu neno "anaweza" dhidi ya neno "atapaswa". Mabishano hayo ndiyo unayoyatafuta, kwa sababu yanatofautisha hiari na wajibu, na wajibu ndio utakaomsaidia mkulima siku atakaposimama mahakamani.

Usiwaone maofisa wa wizara kama maadui. Kwa nilivyoona, mabadiliko mengi yanayopita huja kupitia jedwali la marekebisho, yaani orodha ya mabadiliko yanayopendekezwa kwa maandishi, linaloletwa na Serikali yenyewe baada ya kuvutana na kamati. Hasa kama pendekezo lako linagusa kodi au fedha za umma, hakuna njia nyingine ya maana: ibara ya 99 ya Katiba inalizuia Bunge kushughulikia mambo hayo isipokuwa kwa pendekezo la Rais linalowasilishwa na waziri. Mbunge wako hata awe na moyo wa simba, hapo mikono yake imefungwa.

Baada ya kamati, muswada husomwa mara ya pili. Waziri hutoa hoja, mwenyekiti wa kamati hutoa taarifa yake, wabunge huchangia. Hiki ndicho tunachokitazama kwenye runinga, na hapa ndipo watu hulalamikia viti vitupu. Malalamiko yana haki yake, lakini elewa kanuni: akidi, yaani nusu ya wabunge wote, hudaiwa wakati wa kufanya maamuzi. Wakati wa kuchangia hawalazimiki kutimia.

Kisha Bunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakiupitia muswada ibara kwa ibara, na huko mambo huenda mbio. Katibu anataja ibara, Mwenyekiti anahoji, ibara inapita, inatajwa nyingine. Ibara ambayo hakuna aliyeiwekea marekebisho kwa maandishi inaweza kupita katika muda wa kuvuta pumzi. Kwa hiyo mbunge unayemtegemea kusimama awe amelipeleka jedwali lake kwa Katibu wa Bunge mapema, likiwa limeandikwa kisheria. Msaidie kuliandika. Wabunge wetu wengi hawana wasaidizi wa utafiti, na jedwali lililoandikwa vizuri wanalipokea kwa mikono miwili.

Mambo mawili huniharakisha kila ninapoyaona. La kwanza ni hati ya dharura, ambayo Rais akiitia saini muda wa kawaida hufupishwa. Julai 2015 miswada ya mafuta na gesi ilipita kwa njia hiyo, na Julai 2017 ikapita ile ya rasilimali za nchi na mikataba ya madini. Mambo ya vizazi na vizazi yakaamuliwa ndani ya siku chache. Ukisikia kuna hati ya dharura, andika maoni yako usiku huohuo. La pili ni Muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, unaogusa sheria nyingi kwa mpigo. Jina lake linachosha na wengi hawaufungui, lakini mwaka 2020 muswada wa aina hiyo ndio uliobadilisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, ikawa anayefungua kesi ya haki za msingi lazima aonyeshe yeye mwenyewe ameathirikaje. Mashirika mengi yaliyokuwa yakiwasemea wanyonge mahakamani yalibanwa hapo. Fungua kila sehemu ya muswada wa namna hiyo.

Kwa wanaodhani kanuni ni mambo ya makaratasi, nawakumbusha Bunge Maalumu la Katiba la 2014. Lilianza Februari 18, na hadi Jaji Joseph Warioba, mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba, anawasilisha rasimu ya Katiba mpya Machi 18, mwezi mzima ulikuwa umekwenda kwenye kuunda uongozi na kuvutana juu ya kanuni, hasa kama kura iwe ya wazi au ya siri. Wengi mitaani waliona ni kupoteza muda na posho. Mimi nilielewa kwa nini hakuna aliyekubali kulegeza: rasimu ilihitaji theluthi mbili ya wajumbe wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar, kila upande peke yake, na mjumbe anayetazamwa na chama chake hapigi kura kama aliyejifungia. Mwishowe kila mjumbe aliachiwa achague wazi au siri. Baadaye kanuni zikabadilishwa tena ili hata waliokuwa nje ya nchi, wakiwemo waliokwenda Hija, waweze kupiga kura.

Katika miswada ya kawaida kura ni ya sauti. Spika anawahoji: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, kisha anatangaza waliosema ndiyo wameshinda. Taarifa Rasmi ya Bunge (Hansard) itaandika kwamba muswada ulipitishwa, bila kuonyesha mbunge wako alisema nini. Kwenye kupitisha bajeti ya Serikali ni tofauti: Katibu huita jina moja moja na kila jibu linaandikwa.

Kwa hiyo mwandikie mbunge wako kabla ya siku ya kura, umtajie ibara, na umwombe msimamo wake kwa maandishi. Nakala peleka kwa mwenyekiti wa kamati, na ile yenye muhuri wa kupokelewa ibaki kwako.